Fishifainda inazima saa nane usiku taa zikiwaka: nimekosea wapi kwenye waya?

Mwana Kibirizi:

Wakuu, habari za kazi. Niko Kigoma, mwalo wa Kibirizi, navua dagaa kwenye boti ya baba mdogo. Tuko sita. Tulijichanga tukanunua fishifainda ya mtumba, ile skrini ya kuonyesha samaki, inchi tano, pamoja na transdusa yake, ile inayotuma sauti majini na kuipokea ikirudi, na antena ndogo ya GPS. Kufunga nimefunga mwenyewe, kwa hiyo kosa likiwepo ni la mkono wangu, na nataka kulijua.

Betri ni ya N100, ile kubwa ya volti 12, iko nyuma karibu na mashine, inachajiwa na sola mchana. Kutoka pale nimevuta waya wa 1.5 (milimita za mraba) hadi mbele, kama mita tisa. Waya huohuo unalisha taa nne za LED, wati 30 kila moja, na fishifainda nimeichomekea hapohapo mwisho. Waya wa transdusa nimeufunga na wa taa kwa zipu, kitu kimoja mpaka nyuma, ili watu wasijikwae.

Tukitoka jioni inafanya kazi vizuri kabisa. Tukiwasha taa, skrini inajaa vidoti na vijistari kuanzia juu hadi chini, kama mvua. Halafu kwenye saa nane inazima. Inawaka, inazima tena. GPS nayo inakuja na kupotea hata mchana.

Usiku wa mwisho kabla ya mbalamwezi niliona wingu la dagaa limetulia mita 30 chini ya taa, na chini yake mistari mirefu ya samaki aina ya migebuka. Nikawaambia wenzangu wasivute, wingu linapanda. Skrini ikawa nyeusi. Tukavuta kwa kubahatisha, tukapata ndoo tatu, na boti ya jirani mita mia mbili tu kutoka kwetu walijaza. Baba mdogo ameshasema kitu hiki king'olewe kiuzwe. Mimi nilikiona kile kiwingu kwa macho yangu, siwezi kukubali. Nina siku chache tu kabla giza halijarudi. Naombeni msaada.

Fundi wa Ujiji:

Mdogo wangu, usiuze. Kabla ya kugusa chochote tafuta mita ya kupimia volti, usiku washa taa zote, pima volti mahali pawili: kwenye vichwa vya betri, halafu nyuma ya fishifainda palepale inapochomekwa. Niletee namba mbili hizo. Angalia pia kibandiko cha nyuma kinasema inataka kuanzia volti ngapi.

Mwana Kibirizi:

Nimepima jana usiku boti ikiwa ufukweni. Betri 12.3. Kwenye fishifainda 10.1. Kibandiko kinasema kuanzia 10. Nikazima taa, ikapanda hadi 12.5. Nimeshangaa sana, waya ni mpya!

Fundi wa Ujiji:

Basi umeshajijibu. Upya wa waya hausaidii kama ni mwembamba. Taa zako ni wati 120, kwenye volti 12 ni ampea 10. Shaba ya 1.5 ina ukinzani wa kama omu 0.012 kila mita, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 18 siyo tisa. Hiyo ni omu 0.22. Zidisha kwa 10: zaidi kidogo ya volti mbili zinapotelea njiani. Jioni betri imeshiba, unabaki juu ya 10. Ikifika saa nane betri imeshuka hadi 12.0 au chini, kule mbele unapata 9.8, fishifainda inajizima. Na taa nyingi zenye drayva, kile kifaa cha ndani kinachorekebisha umeme wa LED, volti ikishuka zinavuta ampea zaidi, kwa hiyo hali inazidi kuharibika yenyewe.

Vuta waya wa pili wa 1.5 kwa ajili ya fishifainda peke yake, moja kwa moja kutoka kwenye vichwa vya betri. Yenyewe haifiki hata ampea moja, utapoteza robo ya volti tu. Weka fyuzi ya ampea 3 kwenye chanya, karibu na betri, siyo kule mbele. Fyuzi ikikaa mbele, waya ukichubuka katikati hakuna kinachoulinda, na boti yenu ni ya mbao na ina petroli. Hilo naomba ulichukulie kwa uzito. Taa nazo zipe waya mnene zaidi, 4 ikipatikana.

Ile mvua kwenye skrini ni jambo jingine. Drayva za LED za bei ndogo zinawasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kelele hizo zinaingia kwa njia mbili: kwenye waya wa umeme, au kwenye waya wa transdusa. Azima betri ndogo ya pikipiki, lisha fishifainda kwa hiyo peke yake, taa zikiwa kwenye betri kubwa. Mvua ikiisha, ilipita kwenye umeme. Ikibaki, inaingia kwenye transdusa. Na usikate waya wa transdusa hata ukiwa mrefu kupita kiasi, ukiukata na kuuunga ovyo kelele zinaongezeka.

Nahodha wa Katonga:

Naongeza moja. Usiiache kwenye oto, ijichagulie kina yenyewe. Ziwa letu lina kina hadi mita 1,470, ukitoka kidogo tu transdusa ndogo haioni chini, basi mashine inahangaika kutafuta sakafu na picha inavurugika. Weka kwa mkono, mita 0 hadi 120. Huku kwetu kaskazini, ukishapita mita mia na kitu maji hayana hewa ya kutosha samaki kuishi, hakuna unachokitafuta kule. Na ile mistari mirefu uliyoiona ndivyo ilivyo boti ikiwa imesimama: samaki anakaa muda mrefu chini ya transdusa.

Mwana Kibirizi:

Shikamoo nahodha, asante sana. Nimeweka 0 hadi 120.

Kwa betri ya pikipiki mvua imepungua, haijaisha. Nikakata zipu zote, waya wa transdusa nikaupitisha ubavu wa kulia peke yake, wa taa umebaki kushoto. Ikatulia. Nikazima taa moja moja: taa ya tatu ndiyo bado inaleta vidoti, hiyo nabadilisha. Waya mpya na fyuzi nimeshaweka. Mwisho wa waya nimeubana kwa kichwa cha shaba na kuupaka vaselini.

Imebaki GPS.

Fundi wa Ujiji:

Mtandao wake ni NMEA 2000, ule wa waya unaounganisha vifaa vya boti? Zima umeme wote, pima omu kati ya waya mweupe na wa bluu. Inatakiwa 60. Ukipata 120, kuna kizibo cha mwisho kimoja tu. Lazima viwe viwili, kimoja kila ncha ya waya mkuu, cha omu 120 kila kimoja. Kikikosekana, mawimbi yanagonga ncha tupu na kurudi, taarifa zinachanganyika.

Mwana Kibirizi:

120! Kile kizibo cha pili kilikuwa ndani ya boksi. Nilidhani ni kifuniko cha kuzuia vumbi, nikakiacha. Nimekifunga, sasa inasoma 60, na GPS haijapotea tangu asubuhi.

Mwana Kibirizi:

Mrejesho. Jana tumetoka na giza. Taa zote nne, fishifainda imewaka tangu saa moja jioni hadi alfajiri, kwenye skrini volti 11.6 wakati wa kuvuta mara ya mwisho. Wingu lilikaa mita 40, nikasubiri, likapanda hadi 15, nikawaambia vuteni. Baba mdogo alikuwa ameshika kamba ya mbele. Leo asubuhi ameniuliza kama ile sehemu nimeiweka alama kwenye GPS. Nimeiweka.