Ziggy Stardust: kisa chenyewe kiko wapi?

Mkwaju_Tanga
Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo vipi. Wiki nzima naisikiliza albamu ya David Bowie ya 1972, ile ya Ziggy Stardust. Kila mtu anasema ni kisa kimoja toka mwanzo mpaka mwisho: dunia imebakiza miaka 5, anatokea mwanamuziki wa ajabu, ndiye Ziggy, anavuma, anaangamia. Nimesoma mashairi yote. Mwanzo nauelewa, mwisho nauelewa. Katikati sioni kitu. Kiingereza changu ndicho kibovu, au watu wanasifia kwa mazoea?

Kibao_Kata
Kiingereza chako kizima. Kisa ndio hakipo 😂

SoloLaMwisho
Marahaba mwanangu. Kibao anatania, ila hajakosea sana.

Nimepiga solo bendi za hotelini miaka 12, basi nisikilize kama mpiga gitaa. Zile nyimbo 11 hazikutungwa kama hadithi. Mbili alishazirekodi 1971 kwa jina la bendi ya kubuni, hazikufika popote. "It Ain't Easy" si utunzi wake kabisa. Na "Starman", ambao leo tunauona nguzo ya kisa, uliingia dakika za mwisho kwa sababu RCA, kampuni yake ya kurekodi, walitaka wimbo wa kutoa singo. Ukautoa wimbo wa Chuck Berry aliokuwa ameurudia! Bila mtu wa biashara kulalamika, yule mtu wa nyotani asingekuwemo.

Kisa alikimalizia jukwaani. Tarehe 3 Julai 1973, ukumbi wa Hammersmith Odeon, London, akawatangazia watu kwamba hilo ndilo onyesho la mwisho. Mick Ronson, mpiga solo, alikuwa anajua. Wa besi na wa drams walisikia palepale, sawa na waliokata tiketi. (Mimi nimewahi kuachishwa kazi katikati ya shoo. Mkono unaendelea kupiga, kichwa kimeshaondoka.)

Ndio maana Bowie bado anaigwa. Alimbuni mtu, akamvaa, akamzika angali anapendwa. Julai 1972, alipoonekana televisheni ya BBC amemwekea Ronson mkono begani, baadhi ya watoto waliokuwa wanatazama ndio waliokuja kuwa wanamuziki wa miaka ya 80 kule Uingereza. Bendi ya Bauhaus wakaurudia wimbo wa "Ziggy Stardust" 1982 na ukauza.

Halafu huyo Ronson. Watu wanamsifu kwa gitaa tu, wakati violini zile alizipanga yeye. Weka "Five Years": drams zinaanza peke yake, taratibu kama mtu anayekuja kwa mbali, violini zinapanda, mpaka Bowie anaacha kuimba anapiga ukelele. Ukikitafuta kisa kwenye maneno utachoka bure.

BintiUnguja
Mzee nakuongezea: ilirekodiwa studio za Trident, London. Queen, bendi ya Freddie Mercury, mzaliwa wetu wa Unguja, walirekodi albamu yao ya kwanza humohumo, wakipewa saa ambazo studio haina mteja. Wengine wakilala, wao ndio wanaingia.

Kibao_Kata
Nilijua tu Unguja itaingizwa.

Mkwaju_Tanga
Asante mzee. Nimevaa hedifoni nikairudia "Five Years". Mwishoni drams zinabaki tena peke yake, kama zilivyoanza. Sikuwahi kufika hapo. Maneno yakiisha nilikuwa naruka.

SoloLaMwisho
Sasa usiruke na zinazofuata.