Nobu hii ya kinanda imepangiwa kazi gani?

Swali: Ndugu zangu, ninatengeneza sauti ya besi kwenye sintesaiza (kinanda cha kielektroniki cha kutengenezea sauti), lakini nobu (kitufe cha kuzungusha) ya tatu, ambayo jana ilikuwa ikifungua filta (kichujio cha sauti), leo inaongeza mwangwi. Nitajuaje kila nobu imepangiwa kazi gani?

Jibu: Unganisha kinanda na kompyuta, fungua programu inayoonyesha ujumbe wa MIDI (lugha ambayo vinanda na kompyuta hutumia kuwasiliana), kisha zungusha nobu mojamoja. Ukiona namba ya kidhibiti 74, kwa kawaida hiyo ni filta. 71 ni resonansi, yaani mkazo wa sauti pale filta inapokatia. Thamani inayotumwa unapozungusha nobu huanzia 0 hadi 127.

Jibu: Kabla ya hapo, ndugu, hakikisha hukubadilisha ukurasa (seti ya kazi za nobu), kwani vinanda vingi huipa nobu ileile kazi tofauti katika kila ukurasa. Mimi hubandika plasta yenye maandishi chini ya kila nobu.

Muulizaji: Kweli, nilikuwa ukurasa wa pili. Plasta nimeshaibandika.