Msaada: Guake kwenye Ubuntu 22.04, F12 inaitika inapotaka yenyewe

#1 mleta_mada
Wakuu, habari za kazi. Nimeweka Guake, terminali (dirisha la kuandikia amri) inayoshuka kutoka juu ya skrini, kwa `sudo apt install guake`. Nikiwa ndani ya VS Code, programu ya kuandikia kodi, nikabonyeza F12, terminali inashuka vizuri. Nikihamia Files au Settings, F12 hiyohiyo kimya. Nimefuta nikaweka upya mara mbili, hola. Tatizo ni kibodi au programu?

#2 kobe_terminali
Kibodi ni nzima, mkuu. Andika `echo $XDG_SESSION_TYPE`. Ikijibu `wayland`, mchawi ndiye huyo. Wayland, mfumo unaoonyesha madirisha kwenye skrini, hairuhusu programu kusikiliza vitufe vilivyobonyezwa kwenye dirisha la mwenzake. VS Code yako inapita XWayland, daraja la programu za X11 (mfumo wa zamani kabla ya Wayland), na Guake nayo iko hukohuko, ndiyo maana zinasikiana. Files ni ya Wayland moja kwa moja, kwa hiyo Guake haipati habari.

Dawa ni kumpa GNOME, desktopu ya Ubuntu, mwenyewe kazi ya kukiitikia kitufe. Kwanza, kwenye Guake Preferences, sehemu ya Keyboard Shortcuts, ondoa F12 kwenye ile ya kuonyesha na kuficha dirisha ili zisigombanie kitufe kimoja. Halafu nenda Settings, Keyboard, View and Customize Shortcuts, Custom Shortcuts. Jina weka lolote, amri weka `guake-toggle`, kisha bonyeza kitufe unachotaka.

#3 mzee_wa_bash
Nyongeza kwa #2: wengi huandika `guake -t` hapo. Inafanya kazi, ila kila ukibonyeza inapakia Python (lugha iliyoandikiwa Guake) na maktaba zake upya ili tu itume ujumbe mmoja, na kwenye mashine ya polepole utauhisi huo mkwamo. `guake-toggle` ni nyepesi. Hakikisha ipo kwa `which guake-toggle`.

Na F12 yenyewe siipendi, maana ndiyo inayofungua zana za wasanidi kwenye Chrome na Firefox. Usikimbilie Super na kile kitufe cha juu ya Tab, GNOME anakitumia kubadilisha madirisha ya programu moja. Ukitumia Ctrl nacho, unagongana na terminali ya VS Code. Jaribu Super+Enter. Kama kitufe kimeshikwa, GNOME atakuonya kabla hujahifadhi.

#4 pwani_linux
Mbona mnazunguka? Atoke kwenye akaunti, abonyeze jina lake, kisha kile kigurudumu cha pembeni chini, achague Ubuntu on Xorg, yaani atumie X11 badala ya Wayland. F12 itarudi bila kugusa kingine.

#5 kobe_terminali
Itarudi, lakini kubadilisha msingi wa desktopu nzima kwa ajili ya kitufe kimoja ni kubomoa ukuta kisa msumari. Kama ana skrini mbili zenye ukali tofauti, Xorg atamsumbua kuliko Guake.

Anayetumia desktopu ya KDE hana shida hii: Yakuake, terminali yake ya kushuka kama Guake, hupokea F12 kupitia KDE yenyewe, hata kwenye Wayland. Kwenye desktopu ya Xfce nako usiweke kitu kipya, funga kitufe kwenye `xfce4-terminal --drop-down`; ukibonyeza tena inajificha.

#6 mleta_mada
#2 na #3 mmeniokoa, Super+Enter inafanya kazi kila dirisha. Mawili yamebaki: nina skrini ya nje, na Guake wakati mwingine inashukia isiyo sahihi. Pia nikiwa nimeingia seva kwa mbali kupitia SSH, mtandao ukikatika kazi yote inakufa.

#7 mzee_wa_bash
La skrini: zima "Appear on mouse display", chagua skrini moja. Guake inaishi XWayland, na huko kipanya hakionekani kikiwa juu ya dirisha la Wayland, kwa hiyo inabahatisha mahali kilipo.

La pili si kosa la Guake. Kujificha hakuui kitu, kinachokufa ni shell (programu inayopokea amri zako) iliyoko upande wa pili. Tumia tmux, programu inayoshikilia kikao chako kikiwa hai hata ukikatika. Ukishaingia kwenye seva, andika:

`tmux new -A -s kazi`

Mtandao ukirudi, ingia tena SSH na urudie amri hiyohiyo. `-A` inakurudisha kwenye kikao kilekile. Kutoka bila kukiua, Ctrl+b kisha d. Watu huikosea hapa: wanaiwasha tmux kwenye laptopu halafu ndipo wanaingia SSH. Hapo umelinda laptopu, seva umeiacha wazi.

#8 mleta_mada
Kumbe nilikuwa naiwasha huku kwangu. Shukrani wakuu.