Mafundi wa "skimu na rangi", nyufa zangu mmezificha tu, hamjaziba!

Wakuu, habari za jioni. Naomba niyatoe hapa, maana nikimpigia tena huyu fundi nitatukana na nyumba ina watoto.

Wiki iliyopita, asubuhi, kanitumia meseji: "Bosi, ile elfu 40 ya kumalizia vipi?" Kumalizia nini? Naisoma huku nimesimama sebuleni nautazama ufa uleule, kona ileile ya dirisha, unapanda mshazari kuelekea dari kana kwamba hakuna aliyewahi kuugusa. Hata miezi miwili haijaisha. Huyu ni fundi wa tatu, na wote watatu wameniimbia wimbo mmoja: "Nyumba inapumua hiyo, kawaida." Inapumua! Ina mapafu?

Basi nikachukua ufunguo wa geti nikachokonoa. Rangi ikabanduka kama ganda la yai, unga mweupe wa jipsamu ukamwagikia sofa, na ndani nikaukuta ufa wa zamani kabisa, na vumbi lake, na kipande cha utando wa buibui. Yaani mtu kapitisha skimu, ule ujiuji wa jipsamu wa kulainishia ukuta, juu ya utando wa buibui akachukua hela yangu akaondoka. Hakuna hata mmoja aliyekuja na tindo. Walikuja na ndoo, msasa na maneno.

Na asije mtu na ile ya usipoziba ufa. Nimeziba mara tatu.

Jioni nikamwita mzee wa nyumba ya pili, alikuwa fundi uashi miaka mingi. Hakuuliza habari za rangi. Aliuliza, "Linta yako ilipita pembeni ya dirisha kiasi gani?" Linta ni ile boriti ya zege inayolala juu ya dirisha. Tukabandua plasta kidogo. Linta imeishia palepale dirisha linapoishia! Inatakiwa ilale juu ya tofali angalau sentimita 15 kila upande, ndio mzigo wa juu upate pa kukaa. Kumbe yule aliyenijengea alibana nondo na zege tangu mwanzo, na mimi nilimsimamia kwa simu. Hapo nakubali, nilizembea.

Lakini hao watatu waliofuata, hakuna hata mmoja aliyejiuliza ufa unatoka wapi. Nyufa si za aina moja. Zile za koridoni, nyembamba kama nywele, zimetapakaa kama wavu, mzee anasema ni plasta iliyopigwa juani ikaachwa bila kumwagiwa maji hata siku moja, wakati ilitakiwa imwagiwe kama wiki nzima. Hizo hata skimu inazitosha. Ule wa chumbani umesimama wima pale nguzo ya zege inapokutana na tofali, na vitu viwili hivyo havitanuki wala kusinyaa sawasawa. Pale unabandua plasta pande zote mbili, unapigilia wavu wa waya, ndipo unapiga plasta upya. Na hata ufa wa kawaida uliotulia unapanuliwa kwanza kwa tindo, unapigwa brashi vumbi litoke, unaloweshwa maji, halafu ndio unajazwa. Jipsamu ikikauka inakuwa ngumu kama chaki. Ukuta ukisogea kidogo tu, inakatika.

Nimeshalipa 280,000 kwa jumla kupakwa poda!

Kwa hiyo naomba msaada. Nahitaji fundi uashi, narudia UASHI, aliyewahi kuegemeza ukuta, kubomoa juu ya dirisha na kuweka linta upya bila kuangusha kitu. Niko Kinyerezi. Mwenye naye anicheki, ila awe ameiona kazi yake kwa macho.

Na isichukue muda. Mzee alipiga mstari wa penseli kwenye ncha ya ufa akaandika tarehe, akasema nitazame kila wiki. Wiki ya kwanza imeisha jana. Ufa umeupita mstari kwa upana wa kidole.