Kabamazepini ilimtuliza mwezi mzima, sasa anaanguka tena. Aongezewe dozi?

Bi_Mkwakwani
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu wa kike ana miaka 24. Alianzishiwa kabamazepini kwa ajili ya kifafa: 100 mg asubuhi na jioni, wiki iliyofuata ikawa 200 mg mara mbili kwa siku. Alitulia kabisa. Sasa yuko wiki ya sita na wiki hii ameanguka mara mbili. Hajaruka dozi, mimi ndiye ninayempa. Jirani anasema aongeze kidonge, shangazi anasema dawa imemkataa, aiache. Ana kijiti cha uzazi wa mpango. Dawa zinakaa kwenye kabati la bafuni.

Mfamasia_wa_Zamu
Pole kwa kuuguza, dada. Asiache na asijiongezee. Akikatiza ghafla anaweza kupata mishtuko ya kufuatana bila kuzinduka katikati, na hiyo inaua.

Kinachomtokea kinajulikana. Kabamazepini huziba chaneli za sodiamu, yaani vijilango vya kupitishia umeme kwenye seli za ubongo, hasa seli zinazofyatua umeme mfululizo. Zinazokwenda mwendo wa kawaida haizigusi sana. Tatizo ni kwamba dawa hiyohiyo hulichochea ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi vya kuivunja. Mwanzoni huchukua kama saa 36 kwa nusu ya dawa kutoka mwilini. Baada ya wiki tatu hadi tano huchukua saa 12 hadi 17 tu. Kidonge ni kilekile, ila damuni imepungua.

Tena 400 mg kwa siku bado ni dozi ya kuanzia. Watu wazima wengi huishia 800 hadi 1,200, ikigawanywa. Daktari hupandisha kwa hatua, kwa kawaida si zaidi ya 200 mg kwa siku kila wiki, na anasimama mishtuko ikikoma. Ikizidi ataona vitu viwili viwili, atayumba kama mlevi na kutapika. Mrudisheni kliniki wiki hii, msingoje tarehe ya kadi. Andikeni kila mshtuko: saa, umechukua dakika ngapi, upande gani ulianza kutetemeka.

Nesi_Kliniki
Naongezea la kijiti, maana hili husahaulika sana. Vimeng'enya hivyohivyo vinavunja pia homoni ya kijiti na ya vidonge vya majira. Mtu anapata mimba kijiti kikiwa mkononi. Sindano ya miezi mitatu au kitanzi cha shaba haviathiriki. Mpaka abadilishe, kondomu. Mkimweleza daktari kuhusu uzazi wa mpango, asije akahamishiwa valproeti, dawa nyingine ya kifafa, kirahisi: watoto kama 10 kati ya 100 waliokuwa tumboni mama akiitumia huzaliwa na kasoro, na 30 hadi 40 huchelewa kukua kiakili.

Mkienda duka la dawa kwa jambo lolote, semeni kwanza anatumia nini. Erithromaisini, ile antibiotiki, huipandisha kabamazepini damuni hadi kizunguzungu. Isoniazidi ya kifua kikuu nayo hivyohivyo. Kinyume chake, kabamazepini hupunguza nguvu ya dawa mseto ya malaria, na anayetumia dolutegraviri ya VVU huhitaji 50 mg mara mbili kwa siku badala ya mara moja.

Wiki nane za kwanza angalieni ngozi. Vipele vyenye homa, malengelenge, vidonda mdomoni au macho mekundu: hapo ndipo pekee anaacha kumeza na kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Mfamasia_wa_Zamu
Nusura nipitwe na bafuni! Ziondoeni leo. Vidonge vya kabamazepini vikinyonya unyevu hugeuka vigumu, haviyeyuki vizuri tumboni, na vinaweza kupoteza theluthi ya nguvu yake. Kwa joto la pwani, wekeni chumbani kwenye kopo lenye mfuniko unaokaza, na msivitoe kwenye pakiti mapema kuvipanga vya wiki nzima. Mkifika kliniki chukueni pakiti hiyo muonyeshe. Daktari akijua ilikaa wapi hatapandisha dozi kupita inavyotakiwa.

Bi_Mkwakwani
Asanteni sana. Nimeshazitoa. Swali la mwisho: duka moja wana zilizoandikwa CR, bei juu. Ni zilezile? Na akisahau dozi?

Nesi_Kliniki
Dawa ni moja, ila CR huachia polepole, kwa hiyo haipandi na kushuka sana damuni kati ya asubuhi na jioni. Hazisagwi wala hazitafunwi, maana dozi yote itatoka kwa mpigo. Asibadilishe aina bila daktari kujua. Akisahau, ameze akikumbuka. Ikiwa dozi inayofuata imekaribia, airuke ile aliyoisahau, asimeze mbili kwa pamoja.

Akianguka mlazeni ubavu, msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Tazameni saa: ukipita dakika tano, hospitali.