Niko na dola 600: ninunue kongelateri ao nijaze butiki? Naomba ushauri

Mama wa Mabanga
Jambo wapendwa. Niko Goma, nauza butiki ndogo ya kadogo: mafuta ya kupima kwa kikombe, sukari, sabuni ya kukatakata, makala ya mfuko. Niko na dola 600. Kuna kongelateri (friji ya kugandisha) inauzwa 450, imetumika lakini nzima. Ningeuza maji ya baridi, juisi na sambaza, samaki wale wadogo, za kugandisha. Mume wangu anasema nijaze butiki, ninunue sukari na unga kwa magunia badala ya kuokota kilo kilo kwenye depo. Pesa haitoshi vyote viwili. Usingizi umenipotea. Mnanishauri nini?

Chukudu Boy
Mama, baridi hii ya Goma nani anataka maji ya barafu? Uza chai.

Mwanafunzi wa Uchumi
Mama, swali lako ndio uchumi wenyewe. Mwaka 1932 Lionel Robbins, profesa wa London, aliueleza kuwa ni elimu ya namna watu wanavyochagua wakiwa na mahitaji mengi na mali chache, mali ambazo zingeweza kufanya kazi zaidi ya moja. Dola ikiingia kwenye kongelateri haiingii tena kwenye sukari. Faida ya sukari utakayoikosa inaitwa gharama ya fursa, na lazima uiweke kwenye hesabu. Tupe namba.

Bibi wa Kituku
Mimi nasema kongelateri ni kilio. Januari 2025, vita vilipofika mjini na umeme ukakatika, yangu ilikuwa imejaa samaki. Siku ya kwanza sikuifungua, nikidhani baridi itakaa. Baadaye maji mekundu yakaanza kutoka chini ya mlango, nzi wakajaa. Samaki wale niliwatupa, na deni la mvuvi nikalilipa hivyo hivyo.

Papa Majengo
Mume ameshasema magunia. Mwanamke anayemwacha mume nyumbani kwenda kuuliza watu asiowajua anatafuta nini? Mzungumze kwanza, mama.

Yaya wa Himbi
Papa, ameuliza biashara. Mama, mimi nina swali moja. Hii 600 imetoka wapi? Banki zilifungwa hapa vita vilipofika, na mtu wa kadogo haokoti 600 mara moja. Ni akiba, ni mkopo, ao ni zamu ya likelemba, upatu wa kuchanga na kupokezana?

Mama wa Mabanga
Ni yangu. Sijaiba.

Yaya wa Himbi
Hakuna aliyesema umeiba.

Mama wa Mabanga
Ni ya likelemba. Tuko watu 12, dola 50 kila mwezi, na mimi nimepata zamu ya kwanza. Ni haki yangu.

Yaya wa Himbi
Haki yako kabisa. Lakini miezi 11 inakuja na kila mwezi utatoa 50. Hiyo ni 550. Umeshika pesa ya wenzako, mama.

Mama wa Mabanga
Likelemba haina riba. Na kongelateri itajilipa yenyewe, nimeshahesabu: dola 60 kwa mwezi. Nimeshatoa avansi, malipo ya kwanza, ya 100 kwa sababu mwenye mali alisema kuna mtu mwingine anaitaka. Nikiacha sasa nitapoteza 100 bure.

Mwanafunzi wa Uchumi
Umetoa umeme kwenye hiyo 60?

Mama wa Mabanga
Umeme kama 20.

Mwanafunzi wa Uchumi
Basi inabaki 40, na likelemba inataka 50. Kuhusu avansi, kama hairudi, imekwenda, ununue usinunue. Usiilipe tena kwa uamuzi wa leo. Uliza hivi: dola 350 zilizobaki kwenye bei zitafanya kazi zaidi wapi? Bidhaa zako za dola 100 zinakupa nini?

Mama wa Mabanga
Kama 9, na zinazunguka mara mbili kwa mwezi.

Mwanafunzi wa Uchumi
Basi ni 18 kwa mwezi kwa kila 100, na 350 kwenye magunia zingekupa 63. Magunia yameshinda.

Depo Birere
Kijana, polepole. Nauza jumla, naona wanawake wa kadogo kila siku. Ukiongeza sukari, hujaongeza midomo mtaani. Gunia la kwanza litatoka haraka, la pili litachelewa, la tatu litanyonya unyevu na kuganda kama jiwe. Hiyo 18 kwa kila 100 ataipata kwenye dola 150 za mwanzo, labda 200. Baada ya hapo faida inashuka. Ila gunia lina jambo moja zuri. Mwezi ukiwa mbaya unalirudisha sokoni hata kwa hasara kidogo, unapata 50 yako. Kongelateri huwezi kuikata kipande ukampa mama wa likelemba.

Macho Wazi
Nimekaa kimya nasoma. Hii hadithi imetungwa. Mwanzo "niko na 600", sasa 100 imeshatoka. Na likelemba gani inampa muuza kadogo zamu ya kwanza? Za kwanza wanachukua wakubwa. Kesho ataweka namba ya simu tumchangie.

Chukudu Boy
Hata mimi nilishangaa. Watu wa kadogo wanahesabu mpaka franka ya mwisho.

Bibi wa Kituku
Samaki wangu hawakutungwa.

Mama wa Mabanga
Sijaomba franka ya mtu. 600 ndiyo niliyopokea, 500 imebaki. Zamu ya kwanza nilipewa kwa sababu mama wa likelemba ni shangazi ya mume wangu, na alituhurumia. Mume wangu alikuwa anabeba mizigo uwanja wa ndege. Uwanja ulifungwa Januari 2025, kazi ikaisha. Butiki ndiyo inatulisha sote. Ndiyo maana nataka kitu kikubwa, sitaki kubaki kwenye vikombe vya mafuta maisha yangu yote.

Yaya wa Himbi
Pole sana, mama. Baada ya chakula na pesa ya masomo, butiki inakuachia ngapi kwa mwezi?

Mama wa Mabanga
30. Mwezi mzuri 40.

Yaya wa Himbi
Basi likelemba inakukosesha 10 ao 20 hata kabla ya kuanza. Ukishindwa, aibu itamwangukia shangazi aliyekusimamia. Weka 200 kwenye bidhaa zinazotoka haraka, zikupe kama 36 kwa mwezi. Inayobaki iwe ya kulipia zamu za wengine, usiiguse. Kongelateri uitazame likelemba ikiisha.

Mama wa Mabanga
Na avansi yangu?

Samaki Ndosho
Mimi nina jenereta na wateja wa samaki, natafuta kongelateri. Kama ni nzima kweli, nakupa 80 mkononi, mimi namalizia 350 kwa mwenye mali.

Macho Wazi
Na huyu naye ametokea wapi?

Samaki Ndosho
Ndosho. Jina linasema.

Mama wa Mabanga
Nilitoa 100. Nipe 90.

Samaki Ndosho
85, na kwanza tuiwashe usiku mzima nione kama inagandisha.

Mama wa Mabanga
Sawa. Kesho nitaongea na mwenye mali, mume wangu atakuwepo.