Je, mahali nchi ilipo ndipo panapoamua uchumi na usalama wake?

Swali

Ndugu zangu, tumezoea kufundishwa kwamba nchi yenye pwani hupata neema na ile isiyopakana na bahari hubaki nyuma. Hata hivyo, Uswisi haina bahari na ni tajiri, ilhali Somalia ina pwani ndefu na bado ni maskini. Je, nafasi ya kijiografia inaamua nini hasa, na kipi kinabaki mikononi mwa watu wenyewe?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, Uswisi haiivunji hoja hiyo. Meli za mizigo hufika Basel kwa kupanda mto Rhine kutoka Rotterdam, na uhuru wa kusafiri katika mto huo unalindwa na Mkataba wa Mannheim wa mwaka 1868. Isitoshe, imezungukwa na majirani matajiri ambao ni wateja wake.

Kukosa bahari kunauma pale jirani anapokuwa maskini au hasimu, kwa kuwa njia ya kufikia bandari iko chini ya serikali nyingine. Tazama safari ya kontena moja la mbolea: linashushwa bandarini, linasubiri nyaraka za forodha na dhamana ya kuhakikisha kwamba mzigo hautauzwa njiani, linapakiwa kwenye lori, linapita kwenye mizani, kisha linasimama tena mpakani kukaguliwa upya. Gharama za siku zote hizo hatimaye humwangukia mkulima.

Jibu la pili

Naafiki, na naongeza Ethiopia, ambako uchumi na usalama havitenganishiki. Eritrea ilipopata uhuru mwaka 1993, Ethiopia ilipoteza pwani yake, ingawa iliendelea kuitumia bandari ya Assab iliyoko Eritrea. Vita vya mpakani vilipozuka mwaka 1998, njia hiyo ilifungwa na shehena zikahamia Djibouti, ambako hadi leo hupita sehemu kubwa mno ya biashara yake ya nje. Djibouti yenyewe ni nchi ndogo na kame, lakini kwa kuwa iko kando ya mlango wa bahari wa Bab el-Mandeb, unaounganisha Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden, inapata ada za bandari na kodi za kambi za kijeshi za mataifa makubwa, zikiwamo za Ufaransa, Marekani na, tangu mwaka 2017, China.

Jibu la tatu

Tusisahau kwamba nafasi nzuri huvuta pia maadui. Misri ilipoutaifisha Mfereji wa Suez mwaka 1956, ilivamiwa na Israeli, Uingereza na Ufaransa. Na baada ya vita vya mwaka 1967 mfereji ulifungwa hadi mwaka 1975. Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Wahouthi, kundi lenye silaha la Yemen, katika Bahari ya Shamu yamezilazimu meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na Misri imepoteza mapato makubwa kwa ugomvi usio wake.

Kuhusu kinachobaki mikononi mwa watu, naona ni mikataba na uendeshaji. Mlango wa bahari wa Malacca, njia ya meli kati ya Bahari ya Hindi na Asia Mashariki, unapakana pia na Malaysia na Indonesia, lakini ni Singapore iliyotangulia kujenga bandari inayohudumia meli haraka, na ikaanzisha utumishi wa lazima jeshini mwaka 1967, miaka miwili tu baada ya kuwa nchi huru. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unazipa nchi zisizo na pwani haki ya kufika baharini, ila masharti ya kupita huachwa yakubaliwe na jirani mwenye njia.